Viungo vya Cajun jikoni Unguja: usivipike kama bizari

Kopo la viungo vya Cajun likifunguliwa kwenye nyumba ya Kizanzibari, mara nyingi hutumika kama bizari. Vinatiwa kwenye mafuta ya moto pamoja na vitunguu tangu mwanzo, vinaongezewa uzile, hiliki na kijiti cha mdalasini, mwisho chakula kinatoka kichungu, hakina ladha ya Cajun wala ya pilau. Kosa haliko kwenye kopo. Viungo vyetu vingi ni mbegu, magome na matumba ya maua vinavyohitaji mafuta ya moto ili vitoe harufu. Mchanganyiko wa Cajun umejengwa kwa thomu na kitunguu maji vilivyokaushwa na kusagwa, pilipili nyekundu isiyo kali, na majani makavu ya taimu na oregano. Hivyo vyote vinaungua upesi sana.

Cajun wenyewe ni watu. Ni Wafaransa waliokuwa wakiishi Acadia, mashariki ya Kanada ya leo, ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755. Baadhi yao walikuja kukaa Louisiana, kusini mwa Marekani. Jina Acadien ndilo lililogeuka midomoni likawa Cajun. Chakula chao ni cha watu wa maji na mpunga: samaki, kamba, kaa, wali wa chungu kimoja. Ndiyo maana viungo vyao vinaingia vizuri kwenye vitoweo vya visiwani, mradi karafuu, hiliki na mdalasini vibaki kabatini siku hiyo. Kijiko kimoja cha karafuu ya unga kinatosha kufunika taimu na oregano zote.

Kuchanganya mwenyewe ni bora kuliko kununua, na sababu kubwa ni chumvi. Viambato kwenye kopo huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kwanza. Ukiona chumvi ndiyo ya kwanza, basi umenunua chumvi yenye viungo. Kopo la namna hiyo halifai kupakwa kwa wingi, kwa sababu samaki ataharibika kwa chumvi kabla hajapata ladha. Lijaribu kwa kunyunyiza kidogo kwenye kipande cha mbatata ya kuchemsha.

Vipimo vyangu, bila chumvi kabisa, ni hivi: vijiko vya chakula 3 vya paprika (ndiyo ile pilipili nyekundu isiyo kali), kijiko cha chakula 1 cha thomu ya unga, 1 cha kitunguu maji cha unga, vijiko vya chai 2 vya taimu kavu, 2 vya oregano kavu, 2 vya pilipili manga, 1 cha pilipili manga nyeupe, na 1 cha keyeni, yaani pilipili nyekundu kali ya unga. Vinatosha kama kilo mbili za minofu ya samaki. Usivikaange kabla ya kusaga kama tunavyokaanga uzile. Majani yasugue kwa viganja tu, na pilipili manga itwange wakati huo huo, isiwe ya unga uliokaa dukani mwaka mzima.

Pilipili tatu hizo zina kazi tatu. Nyekundu kali inapiga ulimi mwanzo, manga inakuja nyuma yake, nyeupe inabaki kooni. Ukikosa nyeupe, usiongeze manga mara mbili, acha tu. Manga na nyeupe mmea wake ni mmoja, ule ule unaopanda miti kwenye mashamba ya Kizimbani na Kidichi: nyeusi ni tunda lililochumwa kabla halijaiva na kukaushwa na ganda lake, nyeupe ni lililoiva, likarowekwa siku kadhaa hadi ganda likalainika na kusuguliwa likatoka.

Kwenye pilipili kali ndipo wengi wanapojiumiza. Vipimo vya Marekani vinakusudia keyeni, yenye ukali wa kiasi cha 30,000 hadi 50,000 kwa kipimo cha Scoville. Pilipili kichaa zetu hufika 100,000 na kuzidi. Kijiko cha chai cha keyeni kibadilishe kwa robo kijiko cha kichaa ya unga, onja, kisha ongeza.

Paprika ikikosekana, changanya nusu kwa nusu pilipili ya Kashmiri, ambayo rangi yake ni nyingi kuliko ukali wake, na unga wa pilipili boga nyekundu uliojikaushia. Zichague zilizoiva wekundu mtupu. Za kijani hutoa unga mchungu usio na rangi. Toa mbegu na utando mweupe, kata vipande vyembamba, anika kwenye ungo chini ya chandarua. Kilo moja mbichi haitoi hata gramu 100 za unga. Thomu nayo kata nyembamba, unene wa milimita mbili. Kipande kikiwa tayari kinavunjika kwa sauti. Kikipinda bado kina maji, na ukikitia kwenye mashine kitageuka ulimbo. Wakati wa kaskazi jua linatosha. Masika usijaribu kuanika, utapata ukungu. Tumia oveni kwa nyuzi 60 hadi 70, mlango uwe wazi kidogo.

Sasa samaki. Ule upishi wa samaki anayepakwa viungo na kupikwa mpaka awe mweusi, ambao watu wengi wanaufikiria wanaposikia Cajun si wa mababu. Aliyeutangaza ni Paul Prudhomme, mpishi wa Louisiana, katika mkahawa wa K-Paul's uliofunguliwa New Orleans mwaka 1979. Samaki mwekundu wa huko, aliyepikwa hivyo, alitafutwa mno katika miaka ya 1980 hadi uvuvi wake wa biashara ukawekewa vizuizi.

Kwetu kolekole na chewa ndio wanaofaa zaidi: nyama nyeupe, imara, haivunjiki ikigeuzwa. Changu ni mtamu lakini minofu yake ni myembamba, inahitaji mkono mwepesi. Nguru wa vipande vya mviringo anafaa, mfupa uache. Jodari anafaa sana kama hamuogopi katikati pabaki pekundu, maana akiiva mpaka ndani anakuwa mkavu. Vibua waache kwa ndimu na thomu mbichi.

Mnofu usizidi unene wa sentimita mbili. Ukiwa mnene zaidi, nje pataungua kabla ndani hapajaiva. Ufute kwa kitambaa mpaka ukauke kabisa; maji yaliyobaki yatageuka mvuke na samaki atachemka badala ya kushika rangi. Usimroweke kwenye ndimu. Tindikali inaanza kulainisha nyama na inaleta majimaji, kwa hiyo ndimu ngojee mezani. Nyunyiza chumvi, chovya kwenye mchanganyiko wa nusu siagi na nusu samli iliyoyeyushwa, kisha paka viungo, kama vijiko vya chai 2 kwa mnofu wa gramu 200, pande zote mbili. Siagi ina chembe za maziwa ambazo ndizo zinazotoa weusi; samli haina, lakini inavumilia moto zaidi. Ukitumia samli peke yake moshi unapungua na rangi pia.

Pikia nje, kwenye seredani, kwa kikaango cha chuma kizito au tawa la chapati. Moshi wake ni mwingi na unawasha macho, kwenye jiko la ndani la nyumba ya Mji Mkongwe mtakohoa nyote. Kikaango cha kutoshika hakifai hata kidogo, kwa sababu utando wake huanza kuharibika joto likipita kiasi cha nyuzi 260. Chuma kiwe kikavu, moto mpaka tone la maji liruke na kupotea papo hapo. Dakika mbili mpaka tatu upande wa kwanza bila kumgusa, mbili upande wa pili. Rangi inayotakiwa ni ya hudhurungi iliyokolea, yenye wekundu kwa chini. Ukiona kijivu na kusikia harufu ya thomu iliyoungua, moto umezidi. Kila baada ya mnofu mmoja futa kikaango, maana unga uliobaki ndio unaomtia wa pili uchungu.

Kamba ni dakika moja na nusu kila upande. Pweza achemshwe kwanza mpaka alainike, akatwe, ndipo apakwe viungo na kupitishwa haraka kwenye chuma. Muhogo na mbatata za kukaanga hunyunyiziwa zikitoka tu kwenye karai, mafuta yakiwa bado yanang'aa juu yake. Ukivitia viungo kabla, vinaungua na mafuta yote yanaharibika.

Tui silishauri. Mafuta ya nazi yanapooza pilipili na utamu wake unaua taimu.

Aliyezoea pilau hatapata tabu na jambalaya, ule wali wa chungu kimoja wa Louisiana. Ile ya Cajun haina tungule, rangi yake inatoka kwenye nyama iliyokaangwa mpaka ikashika chini ya sufuria. Kaanga kuku nusu kilo vipande na soseji za ng'ombe, toa. Tia vitunguu maji viwili, pilipili boga moja, mche mmoja wa seleri, na maji ya mboga hizo yatabandua kilichoshika. Kwangua kwa mwiko, ladha yote imo humo. Rudisha nyama, tia kijiko cha chakula kimoja na nusu cha viungo, chumvi, vikombe 2 vya mchele usiorowekwa na vikombe 3 na nusu vya supu ya moto. Ikichemka punguza moto, funika dakika 20, usikoroge. Mkaa juu ya ufuniko hauhitajiki. Wali huu hubaki na unyevu zaidi kidogo kuliko pilau.

Mtungi wa viungo usiutikise juu ya sufuria inayofuka. Mvuke unaingia, na unga wa thomu na kitunguu unavuta maji haraka ukaganda jiwe. Chota kwa kijiko kikavu, tia punje chache za mchele chini ya mtungi, weka mbali na dirisha. Wekundu ukianza kugeuka udongo, kwa hali yetu ya hewa kama baada ya miezi mitatu, saga mwingine.