Pumzi za Mzee

Siku ya pili ya kurekodi, mwongozaji wa filamu alizungumza nasi kutoka chumba cha mitambo. Alisema maneno mawili tu: "Simsikii mzee."

Mzee mwenyewe hakuwepo studio. Alikuwa kwenye skrini, dereva mstaafu wa garimoshi, akisimulia safari yake ya mwisho. Kipande chake kilikuwa cha dakika 2 na sekunde 10. Sisi tulikuwa watano: dramu, kinanda cha umeme cha Rhodes, gitaa, saksafoni, na mimi kwenye besi. Filamu ya makala ilihitaji muziki, nasi tulitaka muziki huohuo uzae albamu ya jazi ya fyuzheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki.

Nilikuwa nimejiandaa kupita kiasi. Wiki nzima nilisikiliza albamu ya A Tribute to Jack Johnson, muziki ambao mpiga tarumbeta Miles Davis aliurekodi kwa ajili ya filamu ya makala juu ya bondia huyo. Sehemu kubwa ya upande wa kwanza ilipigwa New York tarehe 7 Aprili 1970, na mpiga besi, Michael Henderson, alikuwa na miaka 18. Kuna mahali John McLaughlin anahamisha gitaa lake kwenda ufunguo wa B bemoli, Henderson anabaki palepale kwenye ufunguo wa E, na katikati ya mvutano huo tarumbeta ya Miles inaingia. Mahali hapo palinikosesha usingizi. Nikataka nami besi yangu ikumbukwe hivyo.

Kwa hiyo nilipanga kila noti. Mwendo wetu ulikuwa wa 7/8, yaani mapigo saba katika kila kipimo, na kila kipimo sekunde 1.75. Nilipiga hesabu: maneno ya mzee yangekula vipimo 74 na kubaki mapigo mawili, na hayo mawili nikayatungia mbwembwe za kumalizia.

Fundi mitambo alinipunguza sauti. Mzee bado alikuwa anamezwa. Akanipunguza tena, hadi besi ikawa kama inapigwa nyumba ya jirani, na bado. Ndipo akanieleza kwa upole kwamba tatizo halikuwa ukubwa wa sauti, bali mahali nilipokuwa napigia. Mwanamume akizungumza kawaida, msingi wa sauti yake hukaa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 85 na 180 hivi. Uzi wangu wa G ukiachwa wazi hulia kwenye hezi 98, nami nilikuwa nacheza juu ya hapo muda wote. Tulikuwa wawili kwenye kiti kimoja, na mwenye kiti alikuwa mzee.

Iliniuma. Nilikaa chini, besi mapajani, wenzangu wakanywa maji bila kunitazama.

Kisha nikaomba jambo moja: wenzangu wabaki na metronomu, mlio wa kuhesabu mapigo, masikioni, mimi niondolewe mlio huo na niwekewe sauti ya mzee. Fundi akaniangalia kidogo, akafanya hivyo.

Sikuwa nimewahi kumsikiliza. Nilikuwa nimempima tu. Alikuwa anasema maneno manne, matano, halafu ananyamaza, anavuta pumzi ndefu, anaendelea. Nikashuka kwenye uzi wa E, hezi 41 ukiwa wazi, nikawa napiga anapovuta pumzi tu. Akianza kusema, naachia. Mpiga dramu alihisi mabadiliko kabla ya wote. Akaacha matoazi, akabaki na ngoma kubwa na ukingo wa dramu ndogo. Rhodes ikapungua hadi akodi mbili.

Mzee alipomaliza, hakuna aliyesimama. Pumzi zake zilikuwa zimeshaniingia mikononi, nikaendelea kuacha nafasi zilezile kwa dakika 11 zaidi, saksafoni ikizizunguka bila kuziingilia.

Filamu ilichukua zile dakika 2 na sekunde 10. Albamu ilichukua zilizobaki. Wakati wa kuchanganya sauti, mwongozaji alipendekeza tumrudishe mzee mwishoni, kama sauti ya mwigizaji Brock Peters inavyokuja mwisho kabisa wa ile albamu ya Miles. Mpiga saksafoni naye alitaka kuzijaza nafasi. Nilikataa yote mawili, na nilikataa kwa ukali kuliko nilivyozoea.

Ukiusikiliza wimbo huo leo, besi inanyamaza mahali ambapo hakuna anayesema kitu. Mimi humsikia.