Jukumu Jipya Limetoka kwa Nani?

Jana usiku nimerudia mchezo wa nne wa fainali za 2015 za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, na safari hii macho yangu yalikuwa kwa mtu asiyezungumziwa sana: Andrew Bogut, senta wa Golden State, yaani yule mchezaji mrefu wa kukaa karibu na ringi. Golden State walikuwa nyuma kwa michezo 2–1 dhidi ya Cleveland. Kocha Steve Kerr akamwanzisha Andre Iguodala, Bogut akaenda benchi, na Draymond Green, mwenye sentimeta 198 tu, akabebeshwa kazi ya senta. Wakashinda 103–82, wakashinda na miwili iliyofuata, na Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali.

Hadithi hii husimuliwa kama sifa ya kocha mwenye jicho la kuona vipaji. Mimi sishawishiki sana. Kwamba Green anaweza kukaba mtu yeyote na kupandisha mpira mwenyewe, kila mtu alishaliona. Kazi ngumu ilikuwa kumweka nje senta aliyeanza karibu msimu mzima. Na Iguodala mwenyewe alishaonja: kabla ya msimu ule alikuwa ameanza michezo yake yote 758 ya ligi, kisha Kerr akamtoa kikosi cha kwanza msimu mzima wa kawaida. Tukisema mchezaji kapewa jukumu linalomfaa, mara chache tunauliza jukumu hilo limechukuliwa kutoka kwa nani.

Denver ndiko jambo hili lilipojitokeza waziwazi. Mwanzoni mwa msimu wa 2016–17 kocha Michael Malone aliwachezesha Nikola Jokić na Jusuf Nurkić pamoja, wote maumbo makubwa. Jokić nguvu yake ni pasi. Anasimama karibu na mstari wa mitupo huru, mpira kaushika juu, anamsubiri mwenzake achomoke nyuma ya beki. Sasa Nurkić yuko chini ya ringi, na beki wake yuko naye palepale. Huyo anayechomoka anakimbilia wapi? Njia imezibwa na mtu wa timu yake mwenyewe. Desemba 2016 Malone akamwachia Jokić nafasi ya senta peke yake, na Februari 2017 Nurkić akahamishiwa Portland, ambako aliingia kikosi cha kwanza karibu mara moja na kung'ara. Wote wawili walikuwa wazuri, ila si pamoja. Jokić, aliyechaguliwa wa 41 timu zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2014, aliwapa Denver ubingwa 2023.

(Najua mtu atanitajia Magic Johnson wa Lakers, fainali za 1980, mchezo wa sita: senta wao Kareem Abdul-Jabbar kaumia, kijana wa miaka 20 anaanza kama senta na kufunga pointi 42. Ni usiku wa ajabu, lakini ulikuwa usiku mmoja. Dharura haimlazimishi yeyote kukubali kupungua.)

Anayenivutia kuliko wote ni senta Brook Lopez. Misimu yake minane ya kwanza alifunga mitupo mitatu tu ya pointi tatu. Riziki yake ilikuwa chini ya ringi, mgongo kwa beki. Brooklyn, chini ya kocha Kenny Atkinson, wakampeleka nje ya mstari wa pointi tatu, akafunga mitupo 134 ya aina hiyo katika msimu mmoja. Alipofika Milwaukee mwaka 2018, kocha Mike Budenholzer akamsogeza mbali zaidi, wakati mwingine hatua kadhaa nyuma ya mstari wenyewe. Senta wa wapinzani alilazimika kumfuata huko, na nyota wa Milwaukee, Giannis Antetokounmpo, akapata uwanja mtupu wa kukimbilia ringi. Timu ikatoka ushindi 44 kwa msimu hadi 60. Lopez, aliyekuwa akifunga zaidi ya pointi 20 kwa mchezo kule Brooklyn, akabaki na 12 na ushee. Ukitazama takwimu zake pekee, utadhani mchezaji anashuka.

Halafu 2021, kwenye fainali ya kanda ya mashariki dhidi ya Atlanta, Giannis akaumia goti katika mchezo wa nne. Mchezo wa tano hakuwepo. Hapakuwa tena na mtu wa kufunguliwa njia, basi Lopez akarudi chini ya ringi kwenye kazi yake ya zamani na kufunga pointi 33. Fainali dhidi ya Phoenix zilipoanza Giannis alikuwa amerejea, na Lopez akatoka tena kwenda kusimama nje ya mstari.