Maji ya Ziwa Nakuru Hayakuwa Buluu

Picha yangu ya Ziwa Nakuru ilinichukua takriban miezi minne, na karibu nusu ya muda huo ilipotea kwa sababu niliwasikiliza watu ambao hawajawahi kushika rangi ya akriliki. Inaonyesha vigogo vya migunga vilivyokauka vikiwa wima ndani ya maji, mlango wa mbao uliozama hadi karibu na kitasa, na heroe mmoja, au flamingo kama tunavyomwita hapa Nakuru, anayeruka kuelekea nje ya picha hata bawa lake likakatwa na ukingo. Mlango ule ni wa shangazi yangu, aliyehama mtaa wa Mwariki mwaka wa 2020 maji ya ziwa yalipoingia mitaani.

Jaribio la kwanza liliharibika kuanzia chini. Jirani mmoja anayepaka nyumba rangi alinihakikishia kwamba hakuna haja ya kununua kanvasi wala jeso, yaani rangi nyeupe ya kutayarisha uso kabla ya kuchora, akanipa kipande cha ubao na mabaki ya rangi ya mafuta inayong'aa, akasema nipake hiyo kwanza ndipo picha ipate uso laini. Uso ulikuwa laini kweli. Nilichora kundi zima la heroe juu yake kwa wiki mbili, nikafurahi. Siku moja niliona pembe imeinuka kidogo, nikaigusa kwa ukucha, na ngozi yote ya rangi ikaanza kubanduka taratibu, nyembamba na yenye kunyumbuka, mpaka nikashika mkononi heroe watatu waliokamilika, miguu na midomo, huku ubao ukibaki mweupe unaong'aa kama ulivyokuwa. Akriliki ni chembe za plastiki zilizotawanyika ndani ya maji. Maji yakishakauka, chembe hizo huungana na kuwa utando mmoja, na utando huo unahitaji mahali penye mikwaruzo pa kushikia. Juu ya mafuta yanayong'aa hauna pa kushika. Tafadhali, msikubali ushauri huo hata ukitolewa bure.

Mara ya pili nilitumia kitambaa cha marekani. Fundi wa mbao alinitengenezea fremu kwa shilingi mia tano na kitu, nikakikaza, nikapaka jeso mara mbili na kupiga msasa mwembamba kila ilipokauka.

Tatizo lililofuata lilikuwa ukavu wa hewa. Mwezi wa Februari upepo wa Nakuru hukausha rangi kwenye sahani kabla hujarudisha brashi. Niliambiwa niongeze maji, nikaongeza, na anga niliyoipaka ikaacha vumbi la rangi kwenye kidole nilipoipangusa, kwa kuwa maji yakizidi, gundi inayoshikilia rangi huwa haitoshi tena. Kilichonisaidia nilikitoa jikoni: sinia lenye kingo, kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa kidogo, na juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi ikiwekwa juu ya karatasi hiyo hunywa unyevu kutoka chini polepole, na usiku nikiifunika kwa sinia jingine, asubuhi naikuta bado laini. Tangu siku hiyo sijatupa rangi ya waridi hata tone, nami huichanganya kwa taabu sana.

Waridi ndiyo iliyobeba maana ya picha. Heroe hupata rangi yake kwa chakula, hasa mwani unaostawi kwenye maji yenye magadi. Ziwa lilipoongezeka kwa maji ya mvua na mito, magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, na ndege wengi wakaenda kwingine, wakiwemo waliokwenda Ziwa Bogoria. Kila aliyeona mchoro wangu alitaka nijaze ndege kama kwenye kadi za zamani za watalii. Nilikataa. Nilipaka manjano ya udongo kwanza, nikaiacha ikauke, kisha nikapitisha nyekundu na nyeupe kidogo sana juu yake, kwa ndege yule mmoja tu. Na kwa kuwa akriliki ikikauka hukoza kuliko inavyoonekana ikiwa mbichi, nilijaribia kila mchanganyiko kwenye kipande cha marekani na kungoja ukauke kabla ya kuugusisha kwenye picha.

Maji nayo niliyapaka buluu mara mbili. Shangazi alipopita nyumbani aliyatazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, maji yale hayakuwa buluu. Yalikuwa na rangi ya chai iliyosahaulika." Nikayafunika yote kwa kijivu, kijani kidogo na kahawia, tabaka jembamba juu ya jingine, na kwa mara ya kwanza vigogo vikaonekana vimesimama ndani ya kitu kizito.

Picha ilipokamilika nilimwita tena. Alisogea karibu, akaweka kidole gumba juu ya kitasa, akasema kwa sauti ya chini kwamba kitasa chake kilikuwa upande wa kushoto, kwa sababu marehemu mume wake alitumia mkono huo. Nilifunua sinia, nikakifunika kitasa kwa kahawia ya mlango, na kabla hajamaliza kikombe chake cha chai, kitasa kilikuwa kimeshahamia kushoto, na kimekauka.