Njia 26, na foleni bado ipo

Shemeji yangu ni dereva wa lori, na kila tukizungumzia foleni ana dawa moja tu: "Waongeze njia." Hapo mimi huchukua kalamu na kuanza kuchora mishale ya kipi kinasababisha kipi, jambo linalomkera sana.

Mshale wa kwanza ni wake, na ni wa kweli: barabara ikipanuliwa, mwendo unakuwa mwepesi. Lakini mwendo ukiwa mwepesi, aliyekuwa akitoka alfajiri kukwepa msongamano sasa anatoka saa mbili kama wenzake. Aliyezoea basi anawasha gari. Basi likikosa abiria linapunguziwa safari, na waliobaki nao wanachoka kulisubiri. Miaka inapita, watu wanajenga mbali zaidi kwa sababu mbali pamekuwa karibu. Mishale yote inarudi barabarani.

Houston, Marekani, walipanua barabara kuu ya Katy Freeway kwa takriban dola bilioni 2.8, kazi ikakamilika mwaka 2008. Kuna sehemu zenye njia 26 ukihesabu na barabara za pembeni. Kati ya 2011 na 2014, muda wa safari za jioni uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 50. Kwangu jambo kubwa hapo ni kuchelewa. Raha hutangulia, deni hufuata, na mkata utepe huwa ameshapigwa picha zake. Sera kama hiyo ukiipima mwaka mmoja baada ya ufunguzi, utaisifu.

Stockholm, Sweden, walifanya jambo ambalo sisi wachora mishale tunalitamani: waliwasha, wakazima, wakawasha tena. Januari 2006 walianza kwa majaribio kutoza magari yanayoingia na kutoka katikati ya jiji. Yakapungua kwa karibu asilimia 20. Mwishoni mwa Julai jaribio likaisha, mengi yakarudi. Septemba wakazi wakapiga kura, waliotaka tozo wakashinda, nayo ikarejea Agosti 2007.

"Na asiye na hela?" shemeji akauliza. Swali la haki, na ndiyo maana mpangilio wa hatua ni muhimu: mabasi ya ziada yalianza Agosti 2005, miezi kadhaa kabla ya tozo. Ukianza na tozo ilhali basi halipo, umewaadhibu watu tu.

Kisha akanibana: mzigo haupandi basi. Kweli, haupandi. Ndiyo maana ningetarajia madereva wa malori wawe wa kwanza kudai mabasi, ili wanaoweza kuyapanda wawaachie barabara.