Trojani Iliyokuwa Ikirudi Kila Kompyuta Ilipowashwa

Kompyuta ya dada yangu, hapa Kadutu mjini Bukavu, iliambukizwa na trojani, yaani programu hasidi inayojifanya kitu cha kawaida, iliyoingia kupitia flashi, ikaficha folda zake na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Kila tulipoifuta ilirudi kompyuta ilipowashwa upya, kwa sababu ilikuwa imejisajili miongoni mwa kazi ambazo Windows huzianzisha yenyewe, na nakala yake nyingine ilikuwa ndani ya AppData, folda ambayo kwa kawaida haionekani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kufuta faili moja kunatosha.

Kilichofaa ni kukata intaneti, kisha kutumia ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, kinga-virusi iliyomo ndani ya Windows, ukaguzi ambao hufanyika kabla Windows haijaanza, hivyo trojani haipati nafasi ya kujikinga. Ukaguzi huo huchukua kama dakika 15, na kwa umeme wetu wa kukatika, betri ya kompyuta ijazwe kwanza. Tulifuta pia kazi ile iliyosajiliwa, tukafichua folda kwa amri ya attrib na kusafisha flashi. Dada alibadilisha nywila zake kwa kutumia simu, maana trojani nyingi huziiba kimyakimya.