Kidole Shingoni

Msimu ule wa karafuu ami aliniachia pikipiki yake, akavuka Unguja kutibiwa mguu. Aliniusia jambo moja tu: nisiipakie gunia. Nikaipakia. Kutoka kwetu Makangale, huku Pemba, hadi Konde unapita ndani ya msitu wa Ngezi, na njia siku zile ilikuwa mashimo matupu. Nani angebeba karafuu kavu kichwani na pikipiki imekaa uani?

Wiki ya pili nikaanza kusikia "ko". Kila nikikamata breki ya mbele, ko, na viganja vinaihisi. Fundi wa kwanza, simtaji, alisema ni shokapu. Akabadilisha sili na mafuta, akala pishi zangu nilizochuma siku nne. Ko ikabaki palepale.

Nikajifanya fundi mwenyewe. Nati kubwa ya shingo ya usukani niliipiga kwa nyundo na patasi mpaka ikagoma. Ko ikafa! Furaha ilidumu hadi kona ya kwanza. Usukani ulikuwa mzito kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikiupeleka kulia unapitiliza, nikiurudisha kushoto unapitiliza, natambaa kama mlevi. Niliishia kwenye migomba ya watu, gunia limepasuka, na karafuu nikaziokota mpaka ikaadhiniwa alasiri.

Konde alikuwapo mzee mmoja, fundi wa baiskeli zaidi kuliko pikipiki. Akailegeza ile nati, akaisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, akaniambia nikae nyuma kabisa ili gurudumu la mbele linyanyuke. Akazishika shokapu kwa chini, akavuta, akasukuma. Kisha akauzungusha usukani polepole kwa vidole viwili. Katikati, pale gurudumu linapotazama mbele sawasawa, ukanasa.

"Njoo, mwanangu."

Akaishusha, akakamata kidole changu cha shahada akakibandika chini ya shingo, kwenye mwanya fremu inapokutana na kishikio cha shokapu. Yeye akakamata breki ya mbele, akawa anaisukuma na kuirudisha.

"Usitizame. Sikiliza kwa kidole."

Chuma kilikuwa kikicheza juu ya chuma, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

"Ingekuwa beringi za gurudumu, hapa usingehisi kitu," alisema. "Ungelitikisa tairi kwa upande, ndiyo likacheza."

Tulipofungua, grisi ilikuwa imegeuka tope kavu, na vikombe vya beringi za shingo, zinamozungukia gololi, vimechimbika vishimo, kila gololi na chake. Vingapi vilikuwa vya njia ya Ngezi na vingapi vya patasi yangu, mzee hakuniuliza, nami sikujitia kusema.

Vikombe na gololi mpya vilitoka Chake Chake kesho yake. Mzee akakaza, akalegeza kidogo, akakaza tena, mpaka gurudumu likiwa hewani usukani ukiguswa tu unaanguka upande wenyewe, na huku chini hakuna kinachocheza. Baina ya hapo na kule nilikofika na nyundo ni kama upana wa ukucha.

Ami aliporudi, aliishika pikipiki kabla hajaitikia salamu yangu. Mkono wa kulia kwenye breki, akainama, kidole cha kushoto shingoni. Akasukuma mara mbili.

"Umeifungua."

"Ndiyo, ami."

"Gunia ngapi?"