Ustadi Uliotiwa Moyoni Upate Kufundishwa

Somo la juma: Kutoka 35:20–35

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Tukisoma habari za Bezaleli, macho hukimbilia dhahabu, fedha na vito, tukaupita upesi mstari wa 34, ambao ndio ninaoomba tukae nao juma hili. Mungu aliyemjaza Bezaleli hekima ya kazi ya mikono alimtia moyoni, yeye pamoja na fundi mwenzake Oholiabu, uwezo wa kufundisha. Fundi mkuu wa maskani, hema la ibada la Waisraeli jangwani, hakupewa ustadi ili aufungie kwake.

Nimeufikiria mstari huu kwa ajili ya msanifu majengo Diébédo Francis Kéré, aliyezaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso. Kijiji hakikuwa na shule, kwa hiyo akiwa na umri wa miaka 7 alipelekwa mji wa Tenkodogo, akasomea katika darasa lenye joto na msongamano. Amesimulia hadharani kwamba kila likizo ilipokwisha, akina mama wa Gando walifungua nguo zao wakampa sarafu yao ya mwisho. Sisi wa Pwani, tuliolelewa na mama na bibi wanaofunga pesa katika pindo la leso, tunajua sarafu ile ilikuwa na uzito gani.

Alikwenda Ujerumani kwa ufadhili wa kujifunza useremala, kisha akasomea usanifu mjini Berlin. Hakungoja ahitimu ndipo akumbuke deni. Mwaka 1998 alianzisha chama cha kuchangisha fedha, na kufikia mwaka 2001 shule ya msingi ya Gando ilikuwa imesimama, ilhali shahada aliipata mwaka 2004. Wanakijiji walikuwa na shaka na udongo, kwa maana walikuwa wameona nyumba za udongo zikibomoka kwa mvua. Aliwafundisha kuuchanganya na saruji kidogo na kuushindilia uwe matofali, kisha akainua paa la mabati juu sana ya dari, hewa ya moto ipate njia ya kutoka na kuta zikingwe na mvua. Watoto walileta mawe ya msingi, na wanawake wakaitwanga sakafu mpaka ikawa laini, jambo linalonirudisha kwenye mstari wa 25, ambapo wanawake wenye ustadi walisokota kwa mikono yao wenyewe. Vijana waliojifunza kazi pale waliweza kuifanya kwa ujira mahali pengine.

Baadaye alisanifu kituo cha afya na upasuaji cha Léo, nchini humo humo, na hapa Kenya kampasi ya vijana kando ya Ziwa Turkana, yenye minara ya kupitisha hewa iliyoigwa kwa vichuguu vya mchwa. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo ya heshima kuu kwa wasanifu majengo duniani.

Sasa tujitazame sisi wa Mombasa. Tukitaka kujenga darasa au zahanati huitisha harambee, bahasha zikahesabiwa na majina yakasomwa. Siidharau bahasha hata kidogo, kwa kuwa wengi huitoa kwa kujinyima. Lakini ni mara chache tunapomwuliza mhandisi, mwashi au fundi umeme aliyeketi katikati yetu ni kitu gani Bwana amemtia moyoni akifundishe. Nyumba za Mji wa Kale, kwa kuta nene za matumbawe na dari zilizoinuka, zinastahimili joto la kaskazi, nasi tunawafungia watoto chini ya mabati yaliyoinama, kana kwamba maarifa yale hayakuwahi kuwepo hapa.

Kwa hiyo ninawasihi, katika ibada za nyumbani za juma hili kila kundi liulizane ni nani kati yetu mwenye ufundi, na ni kijana yupi yuko tayari kuandamana naye kazini. Majina yao yamfikie mzee wa kanisa kabla kamati ya ujenzi haijatia sahihi mkataba wowote na mkandarasi.